Pipa Lililofika Siku ya Saba

Raphaeli wa Rhotia hakufukuzwa kazi. Hilo lisemwe kwanza, kwa kuwa uongo wake umezungushwa sokoni Karatu na nje ya kanisa baada ya misa mpaka watoto wa shule wanaujua kuliko jedwali la saba. Hakufukuzwa, hakufungwa, wala hakutoroka. Mabati ya nyumba yake, ambayo wapita njia huyatazama kama wanaotafuta chapa ya hoteli juu yake, yalipigiliwa mwaka 1972, na wakati huo Raphaeli alikuwa hajaiona boila ya hoteli hata kwa mbali. Yaliletwa na mshahara wa mkewe, Mwalimu Bernadina, aliyesoma chuo cha ualimu wakati wasichana wa rika lake wengi walikuwa wakichunga mbuzi. Anayetaka kubisha akamuulize seremala aliyeyapigilia.

Raphaeli alizaliwa Rhotia, akasoma mpaka darasa la nne, na ujanani akaenda kufanya kazi kwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Huko alipewa kuangalia tanuri la kukaushia. Wenzake waliona ni adhabu, yeye akaona ni elimu. Alijifunza kusikiliza moto. Alikuwa akisema moto hauna siri kwa mtu anayenyamaza mbele yake, ila watu wengi huingia chumba cha moto wakipiga soga. Mwaka 1974 hoteli moja iliyo kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro ilitafuta mtu wa boila, na yeye akachukuliwa.

Boila ile ilikuwa na ukubwa wa ng'ombe dume aliyelala. Ilichemsha maji ya kuoga wageni na maji ya kufulia mashuka. Mbele yake palikuwa na kifaa cha kurushia mafuta ya dizeli na hewa ndani ya tumbo lake, mafundi wakikiita bana, chenye feni iliyonguruma mchana kutwa. Fundi aliyeifunga alitoka Arusha, akaitengeneza kama alivyozoea kutengeneza huko chini. Kule juu ukingoni hewa ni nyepesi. Fundi alipoondoka, bomba la moshi likaanza kutoa moshi mweusi kama treni, na meneja akaja mbio akiwa na kitambaa puani.

"Ndugu Raphaeli," alisema, "wageni wanatoka ng'ambo kuja kutazama faru. Nisione moshi juu ya hoteli yangu."

Raphaeli akafungua kijilango cha hewa, kidogo kidogo, mpaka moshi ukapotea. Kisha, kwa tahadhari, akakifungua zaidi. Ndani ya boila moto ukawa mfupi na mweupe, unaunguruma. Juu ya bomba hapakuonekana kitu. Kwa miaka tisa hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake: bomba ambalo usingejua kama linafanya kazi mpaka uliguse.

Waliokuwa na mashaka na moto huo mapema ni wanawake wa chumba cha kufulia, kilichokuwa nyuma ya boila. Asubuhi za ukungu, na kule ukungu hukaa mpaka saa nne, hewa ya bomba haikupanda. Ilishuka ikakaa nao. Macho yaliwawasha, vifua vikakaza. Miti iliyokuwa karibu na bomba nayo ilianza kuvuliwa ndevu zake, yale manyoya ya kijivu yanayoning'inia kwenye matawi ya msitu wa ukingoni; yaligeuka kahawia, yakadondoka.

"Kaka Raphaeli," alisema Lukresia, mkuu wa wafuaji, mwanamke wa Mbulu aliyekuwa hapungukiwi maneno, "moto wako hauna moshi, lakini una meno."

"Ni sabuni yenu hiyo."

"Sabuni imekwisha mwezi wa pili sasa. Tunafua kwa magadi na maombi. Tafuta kisingizio kingine."

Raphaeli akarudi kwenye bana yake. Moyoni alishuku kwamba Lukresia alikuwa ametumwa na Eliamani, mtunza stoo. Eliamani alikuwa mtu wa kutoka Moshi, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na funguo za kila mlango. Yeye ndiye aliyetoa mafuta: pipa moja la dizeli kila baada ya siku sita. Pipa liliwekwa juu ya kichanja ukutani, mafuta yakateremka yenyewe mpaka kwenye bana. Siku ya sita jioni liliisha. Asubuhi iliyofuata Eliamani alisimama mlangoni akauliza, "Kama kawaida?" Raphaeli akajibu, "Kama kawaida," na pipa jingine likaviringishwa. Hawakuwa na mazungumzo zaidi ya hayo. Stoo ilikuwa stoo na moto ulikuwa moto.

Mwanzoni mwa mwaka 1983 alikuja Christina. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na saba, mwenye suruali na sanduku la bati. Alitumwa na wakubwa wa hifadhi kuchunguza kwa nini miti ya karibu na hoteli inapoteza ndevu. Raphaeli aliambiwa tu kwamba kuna mtaalamu wa kupima. Mafuta yalikuwa yamekuwa adimu nchi nzima, magari yalilala vituoni siku tatu yakingoja dizeli, na neno "kupima" lilimtia baridi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapima nini?"

"Hewa."

"Hewa inapimwa kwa kijiti cha stoo, kama mafuta?"

Christina alicheka, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na vijiti vyembamba vya kioo vilivyojaa unga mweupe. Alivunja ncha za kimoja, akakiingiza kwenye tundu la bomba la moshi, akavuta hewa kwa kipampu cha mkono. Unga ukabadilika rangi, ukazidi kupanda. Alitazama alama, akatazama bomba, akavunja kijiti cha pili.

"Mzee, moto wako ni mkali mno."

"Moto unatakiwa uweje, wa uvuguvugu?"

Akamweleza. Hewa tunayovuta, sehemu kubwa yake ni naitrojeni, ambayo kwenye moto wa jikoni hupita tu bila kufanya lolote. Lakini moto ukiwa wa joto la kupita kiasi, na hewa ikiwa ya kumwaga, naitrojeni hiyo hushikana na oksijeni, na kinachotoka ni hewa chungu inayochoma macho na vifua, na inayokula majani. Haionekani kama moshi mweusi. Alisema mafuta yenyewe nayo yana kiberiti, yaani salfa, ndani yake, na hilo wao wawili hawakuwa na uwezo nalo. Lakini lile la moto lilikuwa mikononi mwa Raphaeli.

"Kwa hiyo unaniambia mimi naunguza hewa," alisema Raphaeli.

"Ndiyo, mzee. Kwa miaka tisa."

Alikaa na neno hilo wiki nzima. Lilimwuma kwa sababu mbili. Kwanza, sifa yake yote ilikuwa bomba safi. Pili, aliona kwamba mtu akitaka kukusingizia, njia nzuri ni kukusingizia kitu kisichoonekana. Jumamosi alipokwenda nyumbani alimweleza mkewe akitarajia amwambie msichana yule ni tapeli. Mwalimu Bernadina alitoa kitabu cha sayansi cha darasa la saba, akafungua ukurasa, akakiweka mezani.

"Naitrojeni, sehemu nne katika tano," alisema. "Hajakudanganya. Fanya anachokuambia, baba Inosenti. Lakini mwambie akuandikie. Kila kitu kiwe kwenye karatasi, na saini ya meneja chini."

Raphaeli alifanya la kwanza. La pili alilionea haya. Kwao, kumwomba mgeni karatasi ni kama kumwambia neno lake halitoshi.

Walifanya kazi pamoja siku kumi. Raphaeli alichukua bomba la ekzosi la Landrova iliyokufa, akalikata, akalichomelea toka shina la bomba la moshi mpaka kwenye mdomo wa feni, ili sehemu ya moshi uliokwisha kuungua irudi ndani ichanganyike na hewa mpya. Moshi huo hauna nguvu ya kuwaka. Uliupunguzia moto ukali, moto ukawa mrefu na mpole. Katikati ya bomba aliweka vali, na juu ya vali akachora alama tatu kwa tupa. Alama ya kwanza haikusaidia kitu. Ya tatu ilifanya moto ukohoe na kutaka kuzima. Ya pili, pamoja na kurudisha kijilango cha hewa karibu nusu, ndiyo iliyokuwa sawa. Hakuisoma kwenye kijiti, aliisikia. Christina alipopima baadaye, unga ulibadilika rangi kwa kimo cha chini ya nusu ya kile cha kwanza.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Christina.

"Kahawa."

Msichana akafunga sanduku lake, akapanda lori la kwenda Arusha, na karatasi hakuacha.

Lukresia alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni akanusa. "Nani amekufa humu? Kumekuwa kutulivu." Kwa Lukresia hiyo ilikuwa shukrani.

Sasa likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Hapo mwanzo hewa ya ziada ilikuwa ikichukua joto na kulipeleka nje juu ya paa. Kijilango kilipofungwa nusu, joto lilibaki kwenye maji. Pipa lililokuwa likiisha siku ya sita likawa linafika siku ya saba.

Asubuhi ya siku ya saba Eliamani alisimama mlangoni kama ilivyokuwa desturi.

"Kama kawaida?"

Kwenye kichanja bado kulikuwa na dizeli kama debe moja na nusu. Raphaeli angeweza kusema hivyo. Lakini yeye alikuwa mtu wa Rhotia. Kwao, mkulima aliyepata mahindi mengi hayataji yakiwa bado shambani. Husubiri yaingie ghalani, ayapige jua, ahakikishe hayana wadudu, ndipo aseme, na hata hapo hutaja pungufu. Huo si wizi, ni malezi. Aliogopa kusema leo kuna ziada, na wiki ijayo isiwepo. Aliogopa pia swali la pili la Eliamani, ambalo lingekuwa: na miaka tisa iliyopita, ziada hiyo ilikuwa inakwenda wapi?

"Kama kawaida," alisema.

Akamimina lile baki kwenye pipa tupu nyuma ya boila, akalifunika kwa magunia ya mkonge. Akafanya hivyo kila baada ya siku sita. Alijiambia likijaa atamwita meneja, amwonyeshe pipa zima, na hapo hakutakuwa na ubishi. Hilo ndilo kosa lake, na hakuna anayeficha kwamba lilikuwa kosa.

Kwa maana mwezi Machi serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi. Redio haikuzungumza jambo jingine. Watu walimwaga sukari mtoni, walitupa vitenge korongoni usiku, walizika marobota ya nguo. Jirani alimtazama jirani mara mbili. Mtu aliyekuwa na sabuni sita aliitwa mlanguzi. Na katikati ya Aprili, barabara ikiwa tope tupu, Eliamani alikwenda nyuma ya boila kutafuta gunia la kujifunika mvua, akalivuta, akakuta pipa la dizeli.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango kwa kofuli, akaenda kwa meneja. Jioni hiyo askari wawili walipanda kutoka Karatu, na kesho yake Raphaeli aliteremshwa kwa Landrova mpaka Rhotia, nyumba yake ikapekuliwe mbele yake. Mpekuzi alikuwa Martini, balozi wa nyumba kumi, mtu aliyekula kwenye nyumba ile Krismasi nne mfululizo. Alikuja na mgambo wawili na mkia mrefu wa watazamaji.

Raphaeli alisimama uani, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mkewe alikuwa mlangoni amevaa gauni la shule.

"Mwalimu, tuko kazini," alisema Martini.

"Naona. Futeni miguu."

"Tunatafuta mafuta."

"Ya kupikia yapo nusu chupa. Ya taa yapo kwenye kibatari. Ya kujipaka yamekwisha tangu Pasaka. Unataka yapi, balozi?"

Watazamaji wakacheka, na Martini akachukia. Aliingia, akainua magodoro, akachomeka fimbo kwenye ghala la mahindi, akanusa madumu ya maji moja moja. Alitoka na kopo la rangi lililokauka.

"Hili ni la wapi?"

"La ubao wa darasa la tano," alisema Bernadina. "Wanao wawili wanasoma kwenye ubao huo. Ukilichukua, andika kwamba umelichukua."

Martini akaliweka chini. Raphaeli alimtazama mkewe, naye akamtazama, na katika macho yake mlikuwa na jambo ambalo hakuwahi kulikuta humo hapo kabla. Hakuwa na hasira. Alikuwa akimpima. Alijua kuhusu bomba na vali. Kuhusu pipa alikuwa hajaambiwa. Walikuwa wameoana miaka kumi na sita, na asubuhi hiyo, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, mkewe naye alijiuliza. Raphaeli aliliona hilo, na lilimwumiza kuliko pingu.

Ndipo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Alimwambia askari mkubwa, "Afande, usiniamini. Pima."

Alichotaka kilikuwa rahisi. Eliamani achague pipa lililojaa, alitie lakiri, akae na funguo. Boila iendeshwe kwa jinsi ya zamani, vali imefungwa na hewa imeachiwa, mpaka pipa liishe. Kisha iendeshwe kwa jinsi mpya. Ikiwa hakuna tofauti, wampeleke Arusha. Askari hakupenda, lakini meneja, aliyekuwa na hoteli iliyojaa na hakuwa na mtu mwingine wa boila, alipenda. Walimpa siku kumi na tano, na amri ya kutotoka nje ya ukingo.

Eliamani alihamishia kiti chake chumba cha boila. Siku sita za kwanza, za moto wa zamani, alikaa pale akifuta macho kwa leso.

"Unalia nini, ndugu?" aliuliza Lukresia akipita na kapu la mashuka. "Kuna msiba kwenu?"

"Ni ukungu."

"Ukungu. Sisi tumelia ukungu huo miaka tisa, hukutuletea hata kiti."

Siku ya sita jioni pipa likaisha. Raphaeli akafungua vali mpaka alama ya pili, akarudisha kijilango, pipa jipya likapandishwa. Eliamani akapumua. Siku ya sita ya pipa hilo, jioni, aligonga pipa kwa spana, likatoa sauti ya kujaa chini. Akagonga tena.

"Umelichanganya na maji."

"Maji hayaungui, ndugu Eliamani. Na funguo unazo wewe."

Moto ulizima siku ya saba, jua likiwa limekwisha kuzama. Meneja alikuwepo, askari alikuwepo, Lukresia na wenzake walikuwepo bila kualikwa. Hesabu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili: kila pipa linabakiza karibu debe moja na nusu, na mapipa yaliyotolewa tangu vali iwekwe yalikuwa saba. Pipa la nyuma lilikuwa na haki ya kujaa. Kama angekuwa ameiba miaka yote, moto wa zamani usingekula pipa zima mbele ya macho ya mtunza stoo.

Lakini walipolipima pipa la nyuma, lilipungua debe moja.

Raphaeli hakungoja kuulizwa. "Hilo lilitoka kwa mkono wangu," alisema. "Halikuuzwa. Likatwe kwenye mshahara."

"Lilikwenda wapi?" aliuliza Eliamani.

"Likatwe kwenye mshahara."

Likakatwa. Askari wakaenda zao. Raphaeli aliomba matokeo yasomwe mbele ya wafanyakazi wote, kama yeye alivyopekuliwa mbele ya kijiji kizima. Meneja alisema jambo limekwisha, kusoma ni kulifufua. Kwa hiyo Rhotia waliona Landrova ikimteremsha na mgambo, na hawakusikia lolote baada ya hapo. Wakajaza wenyewe.

Yeye aliendelea na kazi tangu siku ileile ya matokeo. Alifanya kazi miaka minne mingine, vali kwenye alama ya pili, na pipa likitolewa kila baada ya siku saba. Kwenye miti ya nyuma, kwa upande wa mbali na bomba, ndevu zilianza kuota tena, fupi kama za kijana. Mwaka 1987 kifua chake kilikataa baridi ya ukingoni, akaacha kazi kwa barua aliyoiandika mkewe, naye akaitia saini. Nakala ipo, ina mhuri wa hoteli, na tarehe inasomeka. Mwaka jana, mwezi wa Juni, alifariki nyumbani kwake, akiwa amepakwa mafuta ya wagonjwa na padre.

Linabaki debe. Ndilo wanalolishikilia. Wanasema kama si mwizi, angesema lilikokwenda. Raphaeli aliulizwa na meneja, na askari, na Martini mara tatu, akanyamaza, kwa sababu aliyelipokea aliomba asitajwe, na wakati ule jina hilo lingelala korokoroni. Mtu huyo yu hai. Hukaa benchi la tatu kanisani, na kwenye msiba wa Raphaeli alikula vizuri. Watu wakianza kusema habari za dizeli mbele yake, huwaacha waseme.

Mwalimu Bernadina analijua jina hilo. Hatalitaja kwa padre, kwa balozi, wala kwa wanawe. Ameandika hapa yaliyokuwa ya mumewe. Mengine si yake, na mlango umefungwa.